Tone la Rangi kwenye Nati

Baba,

Nakuomba maneno haya yabaki nawe. Hata Nyanya usimwambie, ingawa mmelazwa ubavu kwa ubavu na najua anavyopenda kuuliza. Mama hajui. Mjomba Kilonzo hajui. Nitunzie hadi Jumapili tu, ibada ikiisha.

Huku ndengu zimezaa vizuri. Mimi bado niko kwenye meza ile ile karibu na dirisha, napiga taipu barua za ofisi. Mbwa wako alikuwa amezoea kulala mahali ulipokuwa ukiegesha gari. Wiki jana alilazimika kuhama, kwa sababu gari limerudi. Mjomba alilileta kutoka Makindu juu ya lori, fundi akainyoosha bodi ya nyuma na kufunga taa mpya. Wanataka limpeleke Mama kanisani. Nyaya nikaachiwa mimi, kwa kuwa ndimi niliyekusaidia siku ile ulipofunga swichi ya taa za breki.

Unaikumbuka siku hiyo. Nilikuja na kitabu cha gari, nikafuata mchoro, nikaitafuta swichi upande wa kushoto mpaka jasho likanitoka. Ukacheka. “Karani, hicho kitabu ni cha nchi nyingine. Dereva wetu hukaa kulia, na miguu yake anakaa nayo.” Ukaweka kofia juu ya boneti, ukajipenyeza chini ya usukani, miguu ikabaki nje ya mlango. Ulinieleza bila mimi kuuliza: pedali ikitulia huibana pini ya swichi, taa huzimika; ukikanyaga, pini hutoka, taa huwaka. Kazi yote iko kwenye nati, usiisogeze mbele sana wala nyuma sana.

Kisha ukanituma nyuma ya gari. Ilikuwa saa sita, jua la utosi. Ulikwisha kunifundisha kuikinga taa kwa kiganja, maana juani kioo chekundu hung'aa hata kikiwa kimezimika. Mimi nilikuwa na barua ya kuajiriwa kwa kudumu mfukoni, naisoma kwa mara ya nne. Ukaita, “Inawaka?” Nikainua macho, nikaona wekundu, nikajibu, “Inawaka!”

Sikuinama, Baba. Sikukinga.

Siku ya nne ulifunga breki karibu na Makindu, ng'ombe wakivuka barabara, na lori la mifugo likakugonga kwa nyuma. Taa zilivunjika zote, kwa hiyo mkaguzi hakuwa na cha kupima. Dereva, jina lake Hassan, alisema hakuona taa yoyote. Kwenye mazishi Mjomba alisema, “Wote husema hivyo.” Nami nikaitikia kwa kichwa pamoja na wengine. Kaka yake Hassan alikuja na sukari, akasimama langoni. Mjomba akamwambia, “Rudi na sukari yako.” Akarudi nayo. Hassan bado yuko rumande. Kesi ni wiki ijayo.

Jumamosi nilimwomba Mama akae kwenye usukani anikanyagie breki. Nilipiga magoti nyuma, nikazikinga taa kwa viganja viwili. Akaita kwa maneno yako yale yale, “Inawaka?” Nikamwambia, “Haiwaki, Mama.” Akasema labda ni ajali iliyokata waya. Nilipoingia chini ya usukani nikakuta waya ni mzima. Nikamwomba aendelee kukanyaga, nikaivuta pini kwa kidole, na ukuta wa jikoni ukawa mwekundu. Swichi ni nzima. Ilisogezwa mbele mno tu, pini haitoki.

Nilitaka kusema nati ililegea kwenye ajali. Nilitaka sana. Lakini juu yake kuna tone lako la rangi nyeupe, lile la kujua kama nati imesogea. Halina ufa. Na wewe hukuwahi kupaka rangi kabla ya kuambiwa imewaka.

Nusu mzunguko wa spana ungetosha. Mama angeenda kanisani, na hakuna mtu angejua. Spana nilikuwa nayo mkononi. Nimeirudisha kwenye sanduku lako.

Ninaogopa kazi itaniponyoka. Ninaogopa uso wa Mama zaidi. Watu watasema wewe ndiye uliyekosea, nami nitawaambia ulivyouliza na nilivyokujibu. Nakuahidi sitaigusa nati hiyo mpaka mkaguzi aione.

Pumzika, Baba. Kofia yako naivaa, inanipwaya kidogo.

Ukinihitaji, Jumatatu usije ofisini. Nitapanda basi la kwanza kwenda Makindu. Pita soko, shika njia ya kituo cha polisi, kuna benchi nje kwenye baraza. Usiponikuta hapo, ingia ndani, uulize karani aliyesema taa inawaka. Watakuwa wananijua.

Mwanao,
Mutua