Mkwe Begani

Bulyaga, Tukuyu
9 Septemba 1973

Kaka Abdul,

Mama anakusalimu, na migomba yake imezaa vizuri. Kamera uliyonitumia imefanya kazi yake ya kwanza ya malipo: harusi ya mtoto wa Mzee Ambindwile, kule Masukulu.

Jana nilimpelekea picha. Alizisifu mpaka akafika kwenye ile niliyoipenda kuliko zote: yeye anacheka, bibi harusi yuko nyuma yake. Siku ile walikuwa mbalimbali uwanjani, maana kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe wake hata njiani. Lakini kwenye karatasi bibi harusi anaonekana kama amesimama begani kwa mzee.

"Kijana, umenigusanisha na mkwe wangu!" alisema, akaitia motoni.

Mkewe akacheka. "Kamera anaijua huyu. Watu ndio hawajui."

Nimezaliwa hapa, kaka. Mila hiyo naijua tangu utoto. Siku ile nilitazama mwanga tu.

Leo asubuhi amepita Ackson, aliyeniahidi kazi ya picha za harusi yake. Amemwita mpiga picha wa Mbeya.

"Lakini wewe usikose," akaniambia. "Njoo ule."

Mdogo wako,
Kasim