Nai ya Mwenyekiti

Tibirinzi, 4 Mei 1938

Ndugu yangu mpenzi Mjaka, uliyeko Mombasa,

Sisi wazima, na mbuzi wa mama kazaa mapacha. Chama chetu cha wapiga filimbi za nai kina wanafunzi sita sasa, wanafundishwa bure, na nyimbo mpya wanatunga wenyewe. Shemeji yako Ame angali mwenyekiti. Kila Alkhamisi huzitia nai zote mafuta ya nazi ili mianzi isipasuke, ila yake haigusi. Kifua kimemkataza kupuliza, naye hataki watu wajue. Juzi kanambia, “Mpelekee Mjaka nai yangu, yeye ana pumzi, aje aongoze.”

Nimeifunga pamoja na barua hii. Imekauka, lakini usiitie mafuta huko. Njoo nayo, umwombe yeye akutilie.

Dada yako akupendaye,
Time