Siku Tatu za Kutazama Njia

Kopenhagen, Alhamisi

Hooyo, mama yangu,

Assalamu aleikum. Halima, dada yangu, msomee mama polepole, wala usiruke pale ninapojiona mjinga. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila miguu inauma. Nyinyi je? Mbuzi waliobaki wanapata maji? Na goti lako, Hooyo, limepoa?

Barua yenu nimeipata leo asubuhi. Nimeisoma nikiwa nimesimama pale pale posta, nikairudia, kisha nikaketi kwenye ngazi nikalia mbele za watu wala sikuona haya. Baba ameachiliwa. Baba yuko nyumbani, amekonda, na ameomba chai hata kabla ya kuketi. Miezi mitano hii nimekuwa nikimeza chakula cha watu kama dawa.

Acheni niwaeleze ilivyokuwa. Kozi yetu ya walimu imekwisha, na kesho watu kumi na wawili tunaondoka kwa baiskeli kwenda kutazama shule za vijijini, siku nane. Kiongozi wetu ni mama mmoja wa hapa, mwenye sauti ya kuamrisha. Nilimwambia, "Bila barua ya nyumbani mimi siendi. Narudi Garissa."

Akanijibu, "Bado siku tatu tuondoke. Chukua baiskeli uzunguke mji. Ukikaa chumbani utaugua bure."

Basi nikauzunguka. Nikafanya sahan, kama Baba anavyotangulia peke yake kutazama malisho na maji kabla hatujahama. Nikajua bomba la maji liko wapi, samaki wanauzwa wapi, na barabara ya kutokea mjini inaanzia wapi. Kila asubuhi nilianzia posta, karani akatikisa kichwa. Na kila nilipotazama njia nilimkumbuka Baba, maana kosa lake lilikuwa hilo hilo: mzee peke yake porini, anatazamatazama. Askari wakamkamata, wakasema anawatafutia njia shifta, wale waasi wenye bunduki. Mengine siandiki, barua zetu hupita mikono mingi.

Jana nikafika kwenye daraja kubwa, nikaona askari amesimama upande wa pili. Hooyo, mwili ulitenda kabla ya akili. Nilishuka, nikailaza baiskeli chini, nikainua mikono, kipande changu cha kitambulisho nimekibana kwa vidole, kama tunavyofanya kwenye daraja la Tana. Watu wanapita wananishangaa. Askari akaja taratibu.

"Umepotea?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Hapana. Natazama mji tu."

"Haya, tazama," akasema. Akaniinulia baiskeli, akanipisha.

Nilipofika mbali nilicheka. Nilijiona mjinga. Tena nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Leo nimetulia. Wenzangu wananitania kwamba nimekula sahani tatu za viazi na bado natazama ya jirani. Najua Baba atasema mwanamume hapandi chuma kisichotoa maziwa. Mwacheni aseme, nimemkosa sana akisema.

Halima, usimwulize maswali. Akitaka kueleza ataeleza mwenyewe. Hooyo, wewe nawe usimlishe kwa pupa, tumbo lake limezoea kidogo.

Nisalimieni abti Yusuf, mjomba wetu, aliyekwenda kusimama nje ya ofisi kila wiki kumwombea Baba. Mungu amlipe. Msalimieni shangazi anayetuchungia mbuzi, na mwalimu mkuu aliyeniazima koti. Mwambieni bado lina vifungo vyote.

Baba akishiba, mwambieni hivi: mwanao amefanya sahan siku tatu katika mji wa watu, peke yake, na hakuna aliyemsimamisha ila yeye mwenyewe. Kesho msafara wetu unapita daraja lile lile. Sitashuka.

Ni mimi mwanenu, niliyepata njaa tena,
Abdi