Zamu ya Kliniki

Jumatatu, 3 Machi
Bosi kaniteua niwe kiungo. Kati ya nani na nani? Kati ya ofisi yetu ya malori ya maji na watengenezaji wa programu ya kupanga safari. Nikamwuliza kiungo anafanya nini hasa. Akasema niwaeleze tunavyofanya kazi. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa hata chembe.

Wamekuja wawili: dada mpole anayechora visanduku ubaoni, na bwana ambaye kila swali lake huanza na "Je, ikitokea..." Nishampa jina. Bwana Je.

Jumatano, 5 Machi
Kikao tangu asubuhi. Joto, feni inazunguka kivivu.

Bwana Je anauliza: wateja wakipiga simu kuagiza maji, nani anapelekewa kwanza? Wote kwa sauti moja — aliyetangulia kupiga. Bosi akagonga meza kukazia. Mwaka jana alimfukuza mtu kwa kumpitisha rafiki yake mbele ya foleni, na hakuna aliyesahau.

Je, ikitokea dharura? Bosi: hakuna dharura, kuna zamu. Basi dada akachora mshale mmoja mnyoofu.

Nikamtupia jicho wifi yangu. Yeye ndiye mpanga safari za malori, na ndiye aliyenitafutia kazi hii. Alikuwa anabandua rangi ya kucha.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeshinda mezani kwa wifi nione kazi yenyewe. Mbona kliniki ya wazazi, iliyopiga karibuni tu, imetangulia hoteli iliyopiga alfajiri?

"Wifi, hiyo ni zamu ya wapi?"

Akacheka. "Hoteli wana tangi chini ya ardhi. Kule mtu anajifungua na bomba kavu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Kumbe ndivyo siku zote. Hapokei chochote kwa mtu. Madereva wanajua, karani anajua, asiyejua ni bosi peke yake. Na kwenye kikao wote tuliapa zamu ni zamu! Hata yeye.

"Na wewe hujui," akaniambia.

Haya, sijui. Lakini si ndiyo kazi niliyopewa, kueleza?

Jumatatu, 10 Machi
Nikamzungukia Bwana Je. Tuseme kuna ofisi nyingine, si yetu, ambako mtu huwatanguliza wenye shida zaidi... Akanitazama weee. Kuijenga zamu ya namna hiyo si taabu, akasema, ila mwenye biashara lazima aikubali kwanza. Mwenye biashara ni bosi. Nikamwambia basi, sahau. Akasema hasahau, lakini hawezi kujenga asichoambiwa.

Nyumbani nikamsimulia mume wangu, kaja juu: usimchongee dada yangu. Na wale wazazi, nikamwuliza? Hayo ni ya ofisini, kasema. Kwani dada yake ni wa wapi?

Nikisema, wifi hana kazi. Nikinyamaza, mashine itafuata zamu, na mashine haijui uchungu. Naogopa. Sijui hata namwogopa nani.

Alhamisi, 13 Machi
Majaribio leo, kwa malori halisi. Skrini ndiyo inapanga, wifi hagusi kitu. Hoteli. Kiwanda cha matofali. Hoteli tena. Bosi kapiga makofi. Wifi naye kapiga, macho chini. Kliniki iko mbali huko nyuma.

Baada ya chai bosi anataka saini yangu. Kiungo ndiye shahidi, kasema, kwamba hivi ndivyo tunavyofanya kazi.

Bosi na wageni wakaenda kunywa chai. Tukabaki mimi na wifi. Simu ya mezani kwake ikalia. Anaitazama tu, hapokei. Ikalia tena. Nikapokea mimi.

Mkunga wa kliniki. Hakuwa na muda wa salamu — wamebaki na ndoo moja, lori liko wapi? Nyuma yake mwanamke analia kwa uchungu. Nikamwambia asubiri kidogo. Asubiri nini, sijui.

Wifi akanishika mkono, akatikisa kichwa. Ndipo bosi akaingia na kikombe chake, akauliza ni nani kwenye simu. Nikamnyooshea simu amsikie mwenyewe.

Naandika haya mezani kwa wifi. Yeye kanipa mgongo. Bosi bado ana simu sikioni. Kikombe kakiweka juu ya makaratasi ya kusaini.