Baiskeli Inayojua Kusalimia

Tukuyu, Jumapili, Julai 1992

Kaka Ambakisye,

Wifi amenipa baiskeli yako. Aliileta mwenyewe ofisini, imefungwa ndani ya gunia lile lile, akaiegemeza kwenye kiti chako. "Neema, vijiji vyake umeachiwa wewe. Na hii chukua." Nikaipokea kwa mikono miwili. Kiti kile hakuna aliyekikalia tangu tukuzike.

Nakumbuka ulipoitoa Mbeya, kwenye rundo la mitumba, enzi hizi za ruksa ambapo kila kitu kinaingia nchini. Magurudumu madogo kama ya kuchezea, bawaba katikati. Ofisi nzima tulicheka. Kondakta naye hakukuacha: "Bwana mifugo, leo umebeba mashine ya kusaga nyama?" Ukamjibu taratibu, "Ni mwenzangu wa kazi. Mwache alale, mbele huko ndiye atakayenibeba." Gari likikushusha, unaikunjua, unakaza komeo, unaning'iniza mkoba wa dawa, mara umepotea kwenye migomba. Sisi wengine tulifika jioni, kwa miguu.

Jumatano habari zikaja kutoka Matwebe. Ng'ombe wa Bibi Subilaga hataki kula, ana homa, tezi zimevimba. Nikajua ni ndigana, ile homa ya kupe, na ndigana haisubiri mtu anayetembea. Bibi yule ana ng'ombe huyo mmoja tu, na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa isipokuwa wewe. Nikapanda gari na baiskeli yako.

Kaka, hukuniambia kwamba ulikuwa unaona yale yote. Miaka yote nilifika kule nimechoka, naangalia miguu yangu. Safari hii nateremka bila kelele, ukungu unafunguka mbele yangu, mara Mlima Rungwe huo, mzima, na chai chini yake ya kijani mpaka macho yanauma. Nilitaka kusimama nifunge kilemba vizuri kama naingia kanisani. Nililia huku nateremka. Sijui kama ilikuwa huzuni. Labda ni kushangaa tu.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa banda.

"Shikamoo bibi. Nimeleta dawa."

"Ambakisye amekufa, na huyu naye anakufa. Rudi, mwanangu."

Nikamweleza ugonjwa, nikamwonyesha chupa. Akaegemea mlango, haondoki. Ndani nilisikia ng'ombe anavyohema. Mwisho nikaona nirudi tu. Kilima cha kurudia hakipandiki kwa magurudumu yale, ni kuibeba begani, nikalegeza komeo niikunje. Ikajipinda katikati, usukani ukashuka chini mbele ya miguu ya bibi.

"Ona!" Bibi akapiga makofi. "Ona hiki chuma chake! Kinapiga goti! Na wewe binti mzima umesimama wima kama nguzo ya simu. Ambakisye akifika hapa anakikunja kwanza, anachuchumaa nacho, ndipo ananisalimia. Na ni mwanamume yule!"

Kaka. Mimi nilidhani unaikunja kwa kuogopa wezi. Mimi wa kutoka Singida, nimewaona wanawake wa huku wakipiga goti njiani mbele ya wakubwa wao, nikadhani ni mambo yao wenyewe kwa wenyewe, mgeni hayamhusu. Shikamoo yangu niliitoa wima, nyumba hadi nyumba, kisha najiuliza kwa nini milango inafunguka kwako tu.

Nikapiga goti palepale kwenye matope, nikamsalimia kwa lugha yao. "Mwagonile, bibi."

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Anaongea kama kasuku, maskini!" Halafu akatoka mlangoni, akanipisha niingie na dawa.

Jana nimerudi kumtazama. Ng'ombe amesimama, anatafuna majani ya mgomba, ananitazama kana kwamba nimemchelewesha. Bibi ananiita mjukuu. Nilikaa kwenye jiwe nikikufikiria, kwamba ulikuwa na ukubwa wote huo na uliubeba kimya kimya, kwenye gunia. Tulikaa meza moja wala sikujua.

Sasa lala, kaka. Nakuahidi vijiji vyako havitangoja dawa kwa sababu ya uzembe wangu, na wifi nitampitia kila ninaporudi safari. Nawe huko uliko unikumbuke, hasa kwenye kile kilima, pumzi inapokata.

Mdogo wako wa kazini,
Neema