Siku Tuliyowapeleka Mapacha Kampala

Kakamega Mjini,
Tarehe 23 Agosti, 1964.

Kwa Baba mpendwa,

Salamu zangu zikufikie hapo Iguhu ukiwa mzima, na mguu ule uliokusumbua wakati wa baridi uwe umekubali tena kupanda kilima cha kanisani. Sisi huku mjini hatujambo. Nanjala yuko darasa la pili na anasoma kila kibao cha duka tunapopita, hata maneno asiyoyaelewa. Lusweti anakula vizuri na kubishana vizuri zaidi. Mapacha, Mukhwana na Mulongo, wameota meno na wanauma kila kinachowakaribia. Mume wangu Sylvanus bado yuko Kampala kwenye kazi yake ya reli. Anakusalimu kwa heshima zote, ingawa najua salamu zake huwa unazipokea shingo upande.

Baba, barua hii ni ndefu, na nakuomba uisome mpaka mwisho hata kama utaudhika katikati. Nakujua. Barua ikikukera unaikunja na kuiweka chini ya Biblia ili ipoe. Hii usiikunje. Nataka kukueleza habari za siku moja tuliyotembea Kampala mwezi wa Aprili, sisi na watoto wote wanne. Mpaka leo sijakuambia, na nilinyamaza kwa makusudi. Sababu yake nitaitaja.

Kwanza nikukumbushe Pasaka. Nilikuja nyumbani na mapacha, mmoja mgongoni na mwingine kifuani, mvua ikinyesha, nikasimama nje ya lango. Ulitoka na mwavuli wako ukasimama upande wa ndani. Uliniambia kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma, kwamba mama wa mapacha hakanyagi boma la wazazi wake kabla wakwe hawajaleta kondoo na pombe, na watoto kufanyiwa sherehe yao. Nikiingia hivi hivi, ulisema, ng'ombe watakauka maziwa na mahindi yatanyauka shambani. Sylvanus alikuwa ameshakueleza kwamba kondoo yuko tayari, ila pombe hataipika wala kuibeba, kwa kuwa dini yake inamkataza. Nawe, mzee wa kanisa, ukamjibu kwamba kondoo bila pombe ni kitoweo tu. Mama alisimama mlangoni nyuma yako, amefumbata mikono. Tangu wajukuu hao wazaliwe hakuwa amewagusa, maana na yeye ulimkataza, ukisema mwiko huo huambukiza kwa kugusa. Nikageuka, nikarudi barabarani nikilia, na watoto waliolowa. Mukhwana alikohoa wiki nzima. Nilikukasirikia, Baba, na bado nimekukasirikia, na bado nakupenda. Yote matatu nayabeba pamoja.

Basi Sylvanus akatutumia tikiti, kwa kuwa wafanyakazi wa reli hupewa nafasi ya kuwasafirisha watu wao, tukapanda gari la moshi pale Bungoma. Nikisema tulipanda, maana yangu ni mimi na watoto wanne na mtu mwingine mmoja aliyekuja kunisaidia kubeba. Huyo nitamfikia, usiharakishe. Tulipokaribia Malaba nilimweleza Lusweti kwamba tunaingia nchi ya watu, ina bendera yake kama sisi tulivyo na yetu. Alibana uso dirishani akitafuta mstari wa mpaka. Nilipomwambia hakuna mstari wowote, aliniuliza watu wanajuaje basi pa kugombania. Nikampa ndizi.

Sylvanus alitupokea stesheni akiwa ameng'arisha viatu kama bwana harusi. Kesho yake ilikuwa siku yake ya mapumziko, akatutembeza Kampala tangu asubuhi. Mji ule, Baba, umekaa juu ya vilima, na kila kilima kina kanisa lake au msikiti wake, kwa hiyo mtu hawezi kupotea njia bila kupita mbele ya Mungu. Sylvanus alitangulia mbele akieleza kila jengo, na nusu ya maelezo yale nadhani aliyatunga palepale. Tulipanda Namirembe tukatazama mji chini yetu, mabati yanametameta. Nanjala alisoma vibao vya maduka ya Wahindi mpaka koo likamkauka. Mchana tulikula matoke kwa mchuzi wa karanga. Lusweti alikula sahani nzima, akapangusa mdomo, kisha akauliza chakula kinakuja saa ngapi, maana hakuona ugali, na kwake kitu kisicho obusuma hakijawa chakula bado.

Tuliiona pia sanamu ya uhuru wao. Ni ndefu, na ni mtu aliyefungwa mikanda mwilini anayemwinua mtoto juu kabisa, kama anayewaambia watu wamtazame. Tulisimama hapo muda mrefu. Watu wa mjini walikuwa wanapita bila hata kuitupia jicho, lakini sisi tulisimama. Nanjala aliizunguka yote, akarudi kuuliza mtoto wa pili yuko wapi. Baba, binti yangu amekua akijua kwamba mama hubeba wawili, na kwamba kwa sababu hiyo kuna nyumba moja ambayo haingii. Nilimwambia huyo mwingine yuko mgongoni, haonekani kutoka chini.

Sasa nikueleze yaliyotokea soko la Nakasero, kwa sababu bila hayo nisingeandika barua hii. Tulipita kwa wauza ndizi. Mukhwana alikuwa mgongoni mwangu, Mulongo mgongoni mwa yule mtu wetu. Mama mmoja muuzaji, mnene, amevaa gomesi, gauni refu la kina mama wa huko, la rangi ya bluu, alimtazama mtoto mmoja, akamtazama mwingine, akaniuliza kwa Kiswahili cha kubahatisha kama ni wa tumbo moja. Niliogopa. Nimezoea swali hilo, na huku kwetu baada yake watu hurudi nyuma hatua moja. Nikajibu ndiyo, huku namvuta Lusweti mkono tuondoke.

Yule mama alipiga vigelegele. Kisha akapiga magoti mbele yangu, Baba, kwenye matope ya soko, akanisalimu kwa jina la Nalongo. Wenzake wakaja mbio kutoka meza za jirani. Walitujazia kikapu ndizi na mapapai wakakataa katakata kulipwa. Waliimba nyimbo ambazo Sylvanus alikataa kunitafsiria mbele ya watoto. Mapacha wakapewa majina ya huko, Babirye na Nakato, na Lusweti akadai na yeye apewe la kwake. Sylvanus alikuwa kando anatabasamu. Kumbe kazini walianza kumwita Salongo siku ile ile aliposema amepata mapacha, naye alinificha kwa kuona haya kujisifu. Alinieleza kwamba kwa Waganda hayo ni majina ya heshima ya wazazi wa mapacha. Akaniambia pia kwamba hata wao wana mila zao za mapacha, tena huenda ni nyingi kuliko zetu, ila pale sokoni hakuna aliyesubiri zitimizwe ndipo atusalimu.

Sitakuficha nilivyojisikia. Nililia, na hayakuwa machozi ya furaha. Nililia kwa hasira. Mtu asiyejua jina langu wala kabila langu amepiga magoti topeni kwa ajili ya watoto wangu, na baba yangu mzazi aliwaacha nje kwenye mvua. Nilijiuliza ni mimi niliyebadilika nilipovuka Malaba, au ni ninyi mlioamua. Kama ni watu walioamua, basi watu wanaweza kuamua tena. Hilo ndilo nililorudi nalo kutoka Kampala, zaidi ya ndizi na mapapai.

Sasa nimfikie yule mtu wetu. Baba, alikuwa Mama.

Hakwenda Buyangu kumuuguza mama mdogo kama alivyokuaga. Mama mdogo hakuwa mgonjwa hata kidogo, na usimkaripie, kwani alijua mambo haya baadaye. Wiki iliyofuata Pasaka Mama alikuja kwangu mjini, akakaa kitandani, akasema amechoka kuwatazama wajukuu wake kwa mbali sokoni kama mtu asiye na haja nao. Aliniuliza ni wapi ambako lango lako halifiki. Nikamwambia Kampala. Yeye ndiye aliyembeba Mulongo siku ile nzima, na alipoombwa apumzike alikataa. Wale wanawake walipojua kwamba ni nyanya wa watoto walimwingiza katikati ya duara lao, naye akacheza. Mama yetu, ambaye hajacheza tangu abatizwe, alicheza akiwa na mtoto mgongoni mpaka kitambaa chake cha kichwani kikadondoka. Usiku alilala na mapacha wote wawili, mmoja kila upande.

Kisha akarudi kwako. Tangu Aprili, Baba, mikono hiyo imekukamulia ng'ombe asubuhi na jioni. Imepalilia mahindi yako, imekusongea obusuma, imekupangia mto wa kuegemeza mguu. Hakuna aliyeitakasa kwa kondoo wala kwa pombe. Mwezi uliopita ulituma mtu aniambie kwamba ng'ombe mwekundu amezaa mtamba na kwamba mahindi ya mwaka huu yamekupita kimo, na ukanisisitizia kuwa hiyo ndiyo faida ya kulilinda boma. Niliposikia nilicheka peke yangu hadi majirani wakachungulia. Hii ndiyo sababu ya kunyamaza kwangu miezi yote hii. Nilingoja mahindi yako yakomae.

Siandiki kwa kumsaliti Mama. Ni yeye aliyenituma. Alikuja juzi sokoni akambeba Mulongo mbele ya watu wote, akaniambia maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Mwandikie baba yako. Mimi nimechoka kujifichanga. Hiyo ng'ombe nakamuanga mimi, na maziwa anakunywanga yeye. Jumamosi mkuje, lango nitafungua mimi."

Kwa hiyo Jumamosi tunakuja, sote sita. Sylvanus amepata ruhusa, na atamleta yule kondoo awe kitoweo, kama ulivyosema mwenyewe. Pombe haitakuwapo. Ukiamua kutufungia nje, sitapiga kelele wala kulia barabarani kama nilivyofanya Pasaka. Lakini itabidi umtoe nje na Mama pia, maana kilicho mwilini mwangu kiko mwilini mwake, na wewe umekula mkononi mwake miezi minne. Sijui utajitakasa kwa kitu gani. Na ukiamua kutupokea, hutahitaji kufanya wala kusema lolote. Kaa tu kwenye kiti chako, watoto watakufuata hapo hapo.

Wape salamu majirani na watu wote wa kanisani wanaoniulizia, na hata wasioniulizia. Mungu akulinde mpaka tutakapoonana. Mama yuko hapo hapo nyumbani unaposoma haya. Ukimaliza mwite, umwambie barua imefika.

Ni mimi binti yako,
Ayuma.