Waya Kutoka Kitandani Kwako

Mpendwa Mama,

"Alimfunga mama yake kwa waya kama mbuzi, kisha akaenda kazini." Hayo ndiyo aliyoyasema shemeji yako, Mzee Oduor, kando ya kaburi lako, kipaza sauti mkononi, na waombolezaji wakaguna kumkubalia. Siku hiyo nilinyamaza kwa ajili yako. Lakini maneno hayo sasa yamekuwa kichekesho sokoni Pap Onditi, na kila nikiyasikia natamani kutema mate. Sinyamazi tena.

Wewe unajua waya ule ulikuwa wa nini. Acha nikukumbushe, na wao wasikie.

Kiharusi kilikuachia mkono mmoja na sauti ya kunong'ona. Nyumba yako ilikuwa juu kabisa ya boma, yangu chini karibu na lango, kama desturi yetu inavyotaka. Mwana mwenye nyumba yake halali chini ya paa la mama yake. Hukutaka mwiko huo uvunjwe, nami sikuuvunja. Mke wangu alikuwa muuguzi Kisumu, mimi mwalimu Katito. Wazee walinishauri niache kazi. Hakuna hata mmoja aliyejitolea kukaa nawe alasiri moja.

Basi nikanunua mjini Kisumu kengele ya umeme, zile za kufungwa mlangoni, pamoja na betri na waya mrefu. Waya nikaupitisha juu ya ua kutoka kitandani kwako hadi mlangoni kwangu, na swichi nikaifunga kwa kitambaa kwenye mkono wako mzima. Mchana, kengele ikilia, Mama Akinyi aliyeuza nyanya pale langoni alipanda kukuona. Nikisharudi kutoka kazini, nilipanda mimi.

Unakumbuka jioni ya kwanza? Nilikuja mbio, kiatu kimoja mguuni, nikakukuta umetulia, redio inaongea.

"Kuna nini, Mama?"

"Huyu mtu wa redio anasema mvua imenyesha hapa kwetu Nyakach. Hebu toka nje uniangalie kama ni kweli."

"Umeniita kwa hilo?"

"Kwani hii kengele ni ya kuita kifo peke yake?"

Mlio mmoja ulikuwa maji. Miwili, kusaidiwa kwenda chooni. Mlio mrefu usiokatika, chai yangu imekushinda. "Umesoma vitabu vyote hivyo, wuoda, mwanangu, na bado unachemsha maji ya kuoga unayaita chai." Kabla ya kengele ulikuwa ukijinyima maji kutwa nzima ili usimsumbue mtu. Swichi ile ilikurudishia kiu yako, Mama, na ukali wako pia.

Kisha akaja Oduor na wenzake. Mimi nilikuwa darasani nikisimamia mtihani. Waliutazama waya wakatangaza kwamba ni chira, laana ya mwiko uliovunjwa, eti nimekiunganisha kitanda cha mama na nyumba ya mwana. Mama Akinyi akawafuata, akawaambia, "Bwana, huyo mama anaita watu kwa huo waya." Akajibiwa, "Mama, uza nyanya zako." Wakaukata, wakaukunja vizuri, wakaingia kukusalimu. Hawakukuambia kwamba wameukata. Kisha wakapita uwazi wa nyuma ya ua wakaenda zao, na waya wameubeba. Mama Akinyi akabaki langoni akiamini wazee bado wanazungumza nawe.

Niliporudi jioni nilikukuta umeanguka sakafuni, swichi bado kiganjani.

"Nimebonyeza," uliniambia. "Nimebonyeza sana. Nikadhani mmenichoka."

Hospitali walisema nyonga imevunjika. Nyumbani ulirudishwa ndani ya jeneza. Naweza kuvumilia mengi, ila si hilo, kwamba ulilala pale ukiamini tunakusikia na tumekupuuza. Na aliyekufanya uamini hivyo ndiye aliyetufundisha huruma mbele ya kaburi lako. Nimepita kwake. Waya wako unaanikiwa mashati, likiwemo lile alilovaa siku ya mazishi.

Nimesoma vya kutosha kujua jinsi watu wanavyojificha nyuma ya mila. Mila ilinikataza kulala kwako. Haikumkataza mtu yeyote kukuletea kikombe cha maji. Mimi niliishika, na waya ule ndio ulioniwezesha kuishika bila kukuacha peke yako. Wao waliukata, wakaona wajibu wao umekwisha hapo.

Mama, mke mwenzako mdogo naye sasa hawezi kusimama bila kushikwa. Wiki iliyopita aliniuliza kwa aibu kama ile swichi yako bado ipo. Nimemfungia. Jambo la kwanza alilofanya ni kuniita nifukuze kuku wa jirani.

Kwa hiyo nawageukia ninyi, Mzee Oduor na wazee wote mliokuwa pamoja naye siku ile. Kuna waya mpya juu ya ua wetu. Msiuguse. Anayeona ni chira aje na kiti chake asubuhi, aketi kando ya kitanda cha Mama Mdogo, ampe maji, amsindikize chooni, na asiondoke mpaka mwingine wenu aje kumpokea. Mkishaweza hivyo, nitauondoa kwa mikono yangu. Kabla ya hapo, wekeni visu vyenu chini.

Pumzika, Mama. Kengele bado iko mlangoni kwangu, na ikilia bado napanda mbio.

Mwanao wa langoni